Serikali Ilipoinunua General Motors

Tarehe 1 Juni 2009 General Motors, kampuni iliyoongoza kwa mauzo ya magari duniani kwa zaidi ya miaka 70, iliomba mahakama ya New York iikinge dhidi ya wadai wake. Siku 40 baadaye ilitoka mikononi mwa mahakama ikiwa mali ya umma: Hazina ya Marekani ilishika takriban asilimia 61 ya hisa, Canada na jimbo lake la Ontario karibu asilimia 12.

Fedha za mwanzo zilitolewa na Rais George W. Bush Desemba 2008, mikopo ya dola bilioni 17.4 kwa GM na Chrysler. Ford haikuchukua mkopo huo, lakini mkuu wake, Alan Mulally, alikwenda mbele ya Bunge kuwatetea washindani wake. Alikuwa na sababu. Mtengenezaji wa breki au viti anayeiuzia GM huiuzia Ford pia. GM ikizima mitambo ghafla, muuzaji huyo hufilisika, na Ford hukosa breki. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kugusa kodi za wananchi. Ukubwa wa jina la kampuni hautoshi.

Machi 2009 serikali ya Obama ilimtaka Rick Wagoner, mkuu wa GM, ang'atuke. Kisha mahakamani kampuni ikapasuliwa mbili. GM mpya, yenye mtaji wa serikali, ilinunua viwanda vyenye uhai pamoja na Chevrolet, Cadillac, Buick na GMC. Ile ya zamani ikaachiwa madeni, viwanda vilivyofungwa na ardhi iliyochafuliwa. Wenye hisa wa zamani walitoka mikono mitupu. Wenye hatifungani, waliokuwa wakidai takriban dola bilioni 27, waliambulia asilimia 10 ya kampuni mpya na haki ya kununua hisa zaidi baadaye. Mfuko wa matibabu wa wastaafu ulipewa asilimia 17.5 badala ya sehemu kubwa ya fedha ulizodai. Pontiac na Saturn zikafutwa.

Foleni hiyo ya hasara ndiyo ninayotaka wasomaji waikague kila serikali yao inapoombwa kunusuru kiwanda. Aliyeweka fedha zake akitafuta faida aumie kwanza, ndipo mlipakodi aguswe.

Uingereza ilianza na fedha, maamuzi yakaja baadaye. Mwaka 1975 serikali ya Harold Wilson iliichukua British Leyland, watengenezaji wa Mini na wa zile Land Rover tulizozizoea katika idara za serikali Afrika Mashariki. Ripoti ya Ryder, iliyoagizwa na serikali hiyo, ilipendekeza mtaji mkubwa huku viwanda karibu vyote vikiendelea kufanya kazi. Ufungaji wa viwanda, uamuzi mchungu kuliko yote, ulisubiri hadi Michael Edwardes aliposhika usukani mwishoni mwa 1977, na wanunuzi walikuwa wameshahamia kwingine.

Kwa GM, Marekani ilitoa karibu dola bilioni 49.5 na kuuza hisa zake za mwisho Desemba 2013, ikipata hasara ya zaidi ya bilioni 10. Naikubali gharama hiyo, ukilinganisha na viwanda vya vipuri ambavyo vingefungwa. Nisichokikubali ni kwamba mfanyakazi mpya aliendelea kulipwa karibu nusu ya ujira wa mwenzake mkongwe aliyesimama naye kwenye mstari uleule.

Wapo pia walioachwa nje kabisa. Mwaka 2014 GM iliyaita magari mengi yenye swichi mbovu ya kuwashia injini yarudishwe kurekebishwa, kasoro iliyohusishwa na vifo 124. Kampuni mpya ilidai kwamba ajali za kabla ya Julai 2009 zilikuwa mzigo wa kampuni ya zamani, ile iliyokuwa imebaki ganda. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilikataa kuwafungia mlango waathirika, kwa kuwa hawakuwa wameelezwa kasoro hiyo kabla ya mali kuuzwa. Ilihitaji miaka ya kesi kufika hapo. Mnunuzi wa 2009 alikuwa serikali, na serikali hiyohiyo, Machi mwaka ule, ilikuwa imedhamini waranti za magari mapya ili wateja wasikimbie. Ingeweza kuweka madai ya majeruhi ndani ya mkataba uleule.