Hesabu Iliyofichwa Ukutani

Anayejenga nyumba hukutajia bei ya mfuko wa saruji na ya bati bila kusita. Muulize paipu za umeme zilizofukiwa ukutani mwake zina kipenyo gani, atakwambia muulize fundi. Mara nyingi fundi naye amenunua ile ya milimita 20, akaitumia nyumba nzima, jikoni na chumbani sawasawa. Kwa maoni yangu nyumba nyingi huharibikia hapo, kabla taa ya kwanza haijawaka.

Umeme ukipita kwenye shaba huacha joto, na mkondo ukizidishwa mara mbili joto huwa mara nne. Chukua waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi. Kwa ampea 10, kila mita yake hutoa takriban wati 0.75. Kwa ampea 20, mita hiyohiyo hutoa wati 3, na waya wa kurudi hutoa nyingine 3. Waya uliotandikwa peke yake mahali pa wazi hupoa upesi. Ndani ya paipu hewa imetuama, na nyaya za jirani nazo zina joto lao. Ganda la PVC la waya wa kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 za Selsiasi. Likizidishiwa mwaka baada ya mwaka hukakamaa, hupasuka, na mwisho shaba hubaki wazi.

Kanuni za Uingereza, BS 7671, zinaupa waya huo ampea 24 ukiwa ndani ya paipu na mwenzake mmoja, mahali penye nyuzi 30. Ukipitisha sakiti tatu katika paipu moja, zidisha kwa 0.7. Paipu ikipita juu ya dari, chini ya bati linalochomwa na jua la Dodoma au Mombasa, na hewa ya huko ikafika nyuzi 50, zidisha tena kwa 0.71. Zinabaki ampea 12 hivi. Sasa mama ameweka maharage kwenye jiko la umeme la wati 2,000: kwa volti 230, hizo ni karibu ampea 9. Mtoto anapiga pasi ya wati 1,200 kwenye waya huohuo, ampea 5 nyingine. Waya umeshazidiwa, lakini breka ya ampea 20 haitakata, kwa kuwa kiwango chake bado hakijafikiwa.

Dawa yake ni nafasi. Nyaya zisijaze zaidi ya asilimia 40 ya uwazi wa paipu. Paipu ya milimita 20 yenye kuta nene hubaki na uwazi wa milimita 16 na kidogo. Nyaya zenye unene wa milimita 4 pamoja na ganda zitatosha sita. Ya milimita 25 hupokea 11. Milimita 5 tu, na nafasi imekaribia kuwa maradufu! Njia kuu zinazotoka kwenye bodi ya umeme zinastahili hiyo, na jiko lipewe paipu yake.

Kona nazo zina hesabu yake. Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18, alichunguza kamba iliyozungushwa kwenye nguzo. Msuguano wa kila mzunguko haujumlishwi na wa mwingine, huzidishwa. Ndivyo ilivyo kwa waya kwenye paipu: kipimo cha msuguano kikiwa 0.5, kona moja ya mraba huongeza nguvu ya kuvuta zaidi ya mara mbili, na kona nne huifikisha mara 23. Waya unaovutwa hivyo huchubuka ganda mahali ambapo hakuna atakayepaona. Kona zisizidi mbili kati ya boksi na boksi. Paipu ikunjwe kwa springi yake, taratibu, isibabuliwe motoni mpaka ikabonyea.

Kuhusu aina, nyumba ya kawaida inatosheka na PVC. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, ndiyo maana moto ukiondolewa huzimika yenyewe. Mpira mweusi wa maji, ambao wengine huutumia kubana matumizi, huendelea kuwaka. Chuma ni imara, ila pwani chumvi huila. Tena kwenye chuma waya wa moto na wa kurudi lazima zipite paipu moja, la sivyo sumaku yake huipasha paipu joto.

Nchini Tanzania mtumie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, tu, na umuulize hesabu hizi kabla hajanunua kitu. Paipu zikishawekwa ukutani, piga picha ya kila ukuta ukiweka tepu ya kupimia ionekane, kisha ndipo umruhusu mpiga plasta aingie.