Biashara Nyumbani: Mkaguzi wa Kwanza ni Mama

Ukipita asubuhi katika mitaa ya Kahama, Kakola, Katoro au Geita, utakuta biashara karibu katika kila ua. Mama mmoja anakaanga maandazi, mwingine anashona kwa cherehani barazani, wa tatu amefungua saluni katika chumba cha mbele, na wa nne anafungasha michembe ya kupeleka sokoni. Baba anapotoka machimboni mikono mitupu, mara nyingi ni biashara hiyo inayonunua unga na kulipia mahitaji ya shule.

Hatuandiki makala haya ili kumkatisha tamaa mama yeyote. Tunaandika kwa sababu biashara inapoingia nyumbani, hatari zake nazo huingia, na wanaolala pamoja nazo ni watoto wetu. Wengi wetu tumezoea kumwona mkaguzi kuwa adui: akionekana mwanzo wa mtaa, milango inafungwa na sufuria zinafichwa. Lakini hebu tujiulize, je, maswali yake siyo yale ambayo mama mwenyewe angepaswa kuuliza kwanza?

Nani hukagua nini?

Afisa biashara wa halmashauri hushughulikia leseni. Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Kabla ya kupata leseni utahitaji namba ya mlipa kodi kutoka TRA, na utaeleza mahali unapofanyia biashara. Leseni ni ya mahali hapo, nayo hutakiwa kuwekwa panapoonekana. Ukiwa na duka nyumbani na jingine stendi, kila moja lina leseni yake.

Afisa afya huangalia chakula, maji, choo na taka. Anayepika na kuuza chakula hutakiwa kupimwa afya, kwa kawaida kila baada ya miezi 6, na kuwa na cheti. Ukitaka kufungasha chakula na kukiuza madukani, fahamu kwamba tangu mwaka 2019 mambo ya usalama wa chakula yalihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango, yaani TBS.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huangalia moto: mtungi wa gesi umewekwa wapi, nyaya za umeme zikoje, na je, watu wanaweza kutoka haraka? Namba yao ya dharura ni 114. Ifundishe kwa watoto. Na ukiajiri watu wa kukusaidia, OSHA nao wanahusika, chini ya sheria ya mwaka 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi.

Kwa biashara ndogo kabisa, mwaka 2018 Serikali ilianzisha kitambulisho cha wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Utaratibu huo umebadilishwa baadaye, hivyo anza kwa mtendaji wa mtaa au wa kata yako. Muulize: "Biashara yangu ni hii, inanipasa nini?" Swali hilo halina gharama.

Mkaguzi akibisha hodi

Mkaribishe kwa heshima, kisha mwombe kitambulisho chake cha kazi. Hilo ni haki yako wala si utovu wa adabu. Akikuta kasoro, mwombe aiandike, pamoja na muda aliokupa wa kurekebisha. Kama kuna malipo, yafanywe kwa kontrol namba ya Serikali, nawe upate risiti. Fedha ya mkononi isiyo na risiti haikulindi. Kesho atakuja mwingine kuomba kama yule wa jana. Weka karatasi zako zote katika bahasha moja, mahali ambapo hata binti yako anaweza kuzipata ukiwa safarini.

Ipo pia faida ambayo wengi hawaioni. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na katika hiyo asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi chenye shughuli inayojulikana na kumbukumbu safi kinaanza vizuri kuliko kile kinachojificha.

Kazi isiyostahili kuwa nyumbani

Sasa tuseme lile ambalo katika mikoa yetu hutendeka kimya kimya. Ipo biashara moja ya nyumbani ambayo mkaguzi huiona kwa nadra, kwa sababu hufanyika usiku, jikoni, juu ya jiko la mkaa lile lile linalopikia ugali. Nayo ni kuchoma dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki.

Zebaki ikipata moto hugeuka mvuke usioonekana wala kunusa. Mvuke huo huingia mapafuni, kisha huenda kwenye ubongo na figo. Kwa mama mjamzito hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mabaki yake hushika kwenye kuta, mapazia, magodoro na nguo, na mtoto anayetambaa huyaokota kwa mikono yake. Dalili huja polepole: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, hasira, kusahau. Wengi hudhani ni malaria, au wamerogwa.

Hizi si hofu tu. Miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa ulifika Lwamgasa, Geita, na watu walipimwa. Walioonekana kuathirika zaidi ni wale waliokuwa wakichoma. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi walilemazwa na zebaki, unataka uchomaji wa wazi ukomeshwe, na unataja waziwazi kukomesha uchomaji katika makazi ya watu. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Hapa nchini, anayeshughulika na kemikali kama hii hutakiwa kusajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo chupa ya zebaki chini ya kitanda ni sumu, na tena ni kosa.

Tufanye nini?

Ongea na mume wako wakati wa utulivu, siyo siku aliyorudi na hasira. Mwambie kuchoma kufanyike mbali na nyumba, katika chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, wala si katika sufuria ya nyumbani. STAMICO imejenga vituo vya mfano vya kuchenjua dhahabu, vikiwemo vya Lwamgasa na Katente, ambako wachimbaji wadogo hujifunza njia bora zaidi. Na tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, ipo njia halali ya kuuza, ambapo dhahabu hupimwa na malipo huandikwa.

Nguo za machimboni zivuliwe nje na zifuliwe peke yake. Mama mjamzito au anayenyonyesha asikae karibu na zebaki kabisa, hata akiambiwa ni dakika mbili tu. Zebaki ikimwagika, usiifagie, kwani ufagio huitawanya. Watoe watoto, fungua madirisha, ikusanye kwa karatasi ngumu, itie katika chombo chenye maji na mfuniko, kisha umwone afisa afya.

Akina mama wenzetu, tutembee ndani ya nyumba zetu wiki hii kama mkaguzi. Tuangalie mtungi wa gesi, waya uliochubuka, ndoo ya maji ya kupikia, na kile kichupa kizito kilichofichwa juu ya kabati. Yanayorekebishika tuyarekebishe, na lile lisilostahili kukaa na watoto litoke nje leo. Riziki tunaitafuta kwa ajili yao. Isije ikawa yenyewe ndiyo inayowaumiza.