Mazutu Inakwisha Wapi?

Pikapu ya mazutu ikitoka Kasongo kwenda Kabambare, watu wanauliza: inakula lita ngapi kwa kilometa mia? Sisi tunaona swali lile halitoshi. Sharti kuuliza kwanza barabara iko namna gani. Tufanye hesabu ya fizika kidogo.

Tutwae gari ya tani 3, mzigo na watu wa juu pamoja. Lita moja ya mazutu ina nguvu ya jouli milioni 36 hivi, lakini sehemu kubwa inapotea kama joto, kwenye radiateri na pamoja na moshi. Tuseme milioni 12 zinafika kwenye magurudumu.

Wengi wanaogopa mlima. Haya, kupanda mita 100 juu: 3.000 × 9,81 × 100, karibu jouli milioni 3. Ni robo ya lita tu! Tena mlima unarudisha kidogo: ukishuka gari ikiwa katika vitesi, bila kukanyaga akselerateri, pompa inapunguza mazutu yenyewe. (Kuzima motere kwenye mtelemko, hapana! Freni inapoteza msaada wake.)

Sasa matope. Juu ya udongo mkavu na mgumu, gari ile inasukumwa na nguvu ya nyutoni 450 hivi. Katika poto-poto inaweza kufika 4.500, ni mara kumi. Kilometa moja hivi ni jouli milioni 4 na nusu, kupita mlima wetu, na matope hayarudishi kitu. Hatujahesabu magurudumu yanayozunguka bure mahali pamoja, wala vitesi ya kwanza, ambamo motere inazunguka mara nne ao tano kupita vitesi ya nne kwa njia ile ile.

Vitabu vya Ulaya vinasemaka sana juu ya mwendo wa mbio na upepo. Kwa lami ni kweli. Kwa gari inayokwenda kilometa 20 kwa saa, upepo ni kitu kidogo sana.

Wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Filtri ya hewa ikijaa, motere inakosa pumzi, mazutu haiungui yote, na moshi mweusi unatoka: ile ni mazutu yenu inaruka angani. Tena mazutu ya bidoni iache itulie, maji yanashuka chini. Msimimine mpaka tone la mwisho, maji yanaharibu enjekteri.

Bei ya chumvi na sabuni kule Kabambare inabeba ndani yake mazutu iliyobaki njiani. Basi ile salongo ya kuzibua mifereji, ambayo wengi wanaikimbia, tuihesabu nayo: kilometa moja ya matope ikikauka, kila gari inayopita inaokoa karibu theluthi moja ya lita.