Sara Alikuwa Wapi? Utunzi wa Hadithi za Kibiblia kama Wito wa Imani

Utangulizi

Mwaka jana, wiki moja kabla ya Pasaka, nilisoma hadithi fupi niliyoitunga mwenyewe mbele ya ushirika wetu wa Kikristo hapa chuoni. Ilimhusu Sara, mkewe Ibrahimu, katika siku zile ambazo mumewe alikuwa njiani kwenda Moria kumtoa Isaka sadaka. Nilidhani nimefanya jambo jema. Nilipomaliza, mzee mmoja ambaye ni mlezi wa ushirika alisimama akaniuliza kwa upole kabisa: "Mpendwa, hayo maneno ya Sara umeyatoa sura ya ngapi?" Nikamjibu kwamba nimeyabuni. "Basi umeongeza," akasema, akaketi. Ukumbi mzima kimya.

Neno hilo moja, umeongeza, ndilo lililozaa makala haya. Nia yangu ni kueleza hadithi ya kibiblia ni utanzu wa namna gani, watunzi walioiandika wakiwa na imani walilikabili vipi tatizo la kuongeza, na sisi tunaotunga kwa Kiswahili tuna la kujifunza. Sitajifanya sina upande. Mimi ni Mkristo na natunga. Lakini vilevile ni mwanafunzi wa fasihi, na hawa watu wawili walio ndani yangu hawaelewani kila siku.

Hadithi ya kibiblia ni nini?

Kwa istilahi hii nina maana ya kazi ya kubuni, iwe riwaya, tamthiliya, hadithi fupi au utenzi, ambayo inachukua wahusika na matukio ya Biblia na kuyaendeleza kisanii. Si muhtasari wa Biblia kwa watoto wa shule ya Jumapili. Wala si riwaya inayotaja msalaba hapa na pale kama taswira. Katika utanzu huu mtunzi anaingia ndani ya kisa chenyewe, anakaa na wahusika, na anasema yale ambayo andiko halikuyasema.

Nafasi ya kufanya hivyo inatokana na fani ya Biblia yenyewe. Erich Auerbach, katika kitabu chake Mimesis kilichotoka mwaka 1946, alilinganisha usimulizi wa Homer na ule wa Mwanzo 22. Hoja yake ni kwamba Homer huanika kila kitu mwangani, vyombo, nguo na mawazo, ilhali msimulizi wa Mwanzo hutaja yale tu yanayohitajika na kuacha mengine gizani. Hebu tuisome sura hiyo tena. Tunaambiwa kwamba Ibrahimu aliamka mapema, kwamba kulikuwa na punda, na kwamba kuni zilipasuliwa. Tunaambiwa juu ya vijana wawili waliofuatana naye, na kwamba siku ya tatu aliona mahali penyewe kwa mbali. Punda katajwa, kuni zimetajwa. Sara, mama aliyemzaa mtoto huyo uzeeni, hatajwi hata mara moja!

Sura hiyo inaelekea mwisho wake Ibrahimu akiwa Beer-sheba. Sura ya 23 inafungua kwa kutuambia kwamba Sara aliishi miaka 127 akafa huko Hebroni, naye Ibrahimu akaja kumlilia. Msomaji makini lazima ajiulize: kulitokea nini kati ya sura hizi mbili? Wafafanuzi wa Kiyahudi wa kale walijiuliza hivyo hivyo, na wapo waliosema kuwa habari za Moria ndizo zilizomuua. Rashi, mfafanuzi mashuhuri wa Ufaransa katika karne ya 11, aliyarudia maelezo hayo. Na Søren Kierkegaard, Mkristo wa Denmark, alipoandika juu ya imani ya Ibrahimu mwaka 1843, alianza kwa kuisimulia safari hiyo kwa namna 4 tofauti, zote za kubuni, na kila moja akaifuatisha na taswira ya mama anayemwachisha mtoto ziwa. Kumbe hata mwanafalsafa alihitaji hadithi kabla ya hoja.

Kubuni na kuzua

Pingamizi la mzee wetu lisichukuliwe kuwa ni ushamba. Lina msingi. Ufunuo 22:18 unatoa onyo kali kwa atakayeongeza kitu katika maneno ya unabii wa kitabu kile. Waraka wa pili wa Petro (1:16) unasisitiza kwamba mitume hawakufuata hadithi za kutungwa kwa ujanja. Mkristo anayetunga akiyaruka maandiko haya anajidanganya.

Wengi wetu tunaotetea utanzu huu tuna jibu la haraka: mbona Biblia nayo inabuni? Nabii Nathani, katika 2 Samweli 12, alimwendea Mfalme Daudi na kisa cha maskini aliyeporwa kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira juu ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na hasira hiyo ikamnasa yeye mwenyewe. Yesu naye alifundisha kwa mifano ya kubuni, kama ule wa Msamaria na ule wa mwana mpotevu. Hoja hii ni nzuri, nami niliwahi kuitumia kwa mbwembwe. Lakini nikiwa mkweli, haitoshi. Maskini wa Nathani hana jina. Mwana mpotevu hana jina. Kumtunga mtu asiyekuwepo ni jambo moja, na kumtungia maneno mtu ambaye waumini wanaamini aliishi ni jambo jingine kabisa.

Hapa ndipo nilipomwelewa mzee. Kwangu mimi, siku ile, Sara alikuwa mhusika. Kwake yeye Sara ni mtu, tena mtu anayetarajia kuonana naye siku moja. Kumwekea kinywani maneno ambayo hakuyasema ni sawa na kumsemea mkubwa asiyekuwepo barazani. Kiswahili chetu kina neno la kufanya hivyo: kumzulia mtu. Na lugha yetu haikukosea kuwa na vitenzi viwili. Kubuni ni kazi ya msanii, na anayebuni hukiri kwamba amebuni. Kuzua ni kutunga jambo na kulipitisha kama kweli, mara nyingi kwa kumharibia mtu jina. Kwa maoni yangu, mtunzi wa hadithi za kibiblia anaishi kwenye mpaka wa vitenzi hivi viwili, na wito wake, kama anao, ni kutovuka mpaka huo.

Watunzi wawili na nidhamu zao

Mfano wa kwanza ni Lew Wallace, mwandishi wa Ben-Hur (1880). Wallace alikuwa jenerali wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwa mtu wa dini sana. Mwaka 1876 alisafiri ndani ya treni na Robert Ingersoll, msemaji maarufu aliyeipinga dini hadharani, wakazungumza juu ya Mungu na maisha ya baadaye. Wallace aliona haya kwa jinsi alivyokuwa hajui lolote, akaamua kujisomea kwa njia ya kuandika. Alikimaliza kitabu akiwa gavana wa eneo la New Mexico, na anasema kwamba hadi anakimaliza alikuwa amekwisha kuamini. Kwa hiyo tusidhani kwamba siku zote imani hutangulia na kalamu hufuata. Kwa Wallace mambo yalikwenda kinyume.

La muhimu zaidi kwetu ni kanuni aliyojiwekea: Yesu asiwe mtendaji mkuu wa riwaya, na kila neno atakalolisema liwe ni lile lililoandikwa na wainjilisti. Kwa hiyo Wallace akambuni Yuda Ben-Hur, mtu asiyekuwepo, akampitisha pembeni mwa Injili. Yesu tunamwona kwa mbali, kijana wa Nazareti anayempa maji mfungwa. Hii ni njia ya uangalifu: mtunzi anabuni pembezoni na kuacha katikati kama palivyo.

Mfano wa pili ni Dorothy L. Sayers wa Uingereza, Mwanglikana, binti wa kasisi, aliyejulikana kwanza kwa riwaya za upelelezi. Michezo yake 12 ya redio juu ya maisha ya Yesu, The Man Born to Be King, ilitangazwa na BBC kuanzia Desemba 1941 hadi Oktoba 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Wakati huo mdhibiti wa tamthiliya nchini humo hakuruhusu Kristo aigizwe jukwaani. Sayers alimpa Yesu sauti ya mwigizaji, na wanafunzi wake akawapa Kiingereza cha watu wa kawaida. Kabla hata mchezo wa kwanza haujasikika, magazeti na vyama vya kidini vilikwisha kuja juu, na suala likafika bungeni.

Sayers hakubuni pembezoni. Aliingia katikati. Lakini aliingia akiwa amezisoma Injili kwa Kigiriki, na maamuzi yake aliyapima kwa mafundisho ya kanisa. Tuchukue Yuda Iskariote. Alikataa kumfanya mwizi mjinga, kwa hoja kwamba Yesu asingemchagua mtu wa namna hiyo. Yuda wake ana akili nyingi na anaielewa njia ya Yesu kuliko wenzake, na ndiyo sababu anguko lake linauma. Hapa ubunifu haukupingana na imani. Swali la imani ndilo lililomlazimisha amtunge mhusika bora zaidi.

Wito si kinga

Sayers alisisitiza jambo jingine ambalo ningependa tulibandike ukutani. Alipoandika juu ya kazi, alisema kwa maana kwamba dini humdai seremala kwanza kabisa atengeneze meza nzuri. Sasa jamani, tuangalie maigizo na hadithi zetu za kidini. Ni mara ngapi tumeambiwa tusihakiki kwa sababu mtunzi "amesukumwa na Roho"? Wito umegeuzwa kinga. Wahusika ni wema watupu au waovu watupu, mgogoro unatatuliwa kwa sala moja, na mwisho mtu anahutubia dhamira kana kwamba wasikilizaji hawana masikio.

Nami simo katika waliosalimika. Nilimpelekea mwalimu mmoja wa idara hadithi yangu ya Sara. Akairudisha na mstari mwekundu juu ya ukurasa wote wa mwisho, na pembeni ameandika: "Sara anahubiri. Nani kampa mimbari?" Iliniuma, lakini alikuwa na haki. Nilikuwa nimemkalisha Sara mlangoni mwa hema kwa kurasa 5, akisikiliza, akiogopa, na ghafla nikamnyang'anya kinywa chake nikakitumia kufundishia utii. Hapo ndipo nilipomzulia. Hofu yake niliibuni. Lakini hotuba ile ilikuwa yangu, na nikaisingizia kuwa yake. Mzee na mwalimu, mmoja kwa jicho la imani na mwingine kwa jicho la fani, walikuwa wamegusa kidonda kimoja.

Sisi na Kiswahili

Mkristo anayetunga kwa Kiswahili haanzi na ukurasa mtupu. Tenzi za pwani zilikuwa zimekwisha kuzisimulia habari za Ayubu na Yusufu kwa mapokeo ya Kiislamu zamani, kabla ya Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Dodoma tunayemfahamu zaidi kwa ngonjera, kutoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963 na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Mnyampala alichukua bahari iliyolelewa na Waislamu akaipakia Injili. Huo nao ni ujasiri, tena wa kuheshimu nyumba aliyoikuta imejengwa. Rafiki yangu Mwislamu tunayekaa naye bweni alipoisoma hadithi yangu alinikumbusha kwamba kwao mtoto wa sadaka, kwa kauli ya wengi, ni Ismail. Tukakesha tukizungumza juu ya mama wawili badala ya mmoja.

Tatizo letu kubwa ni lugha ya wahusika. Biblia ya Union ya mwaka 1952 imetupa sauti yake, na kwa waumini wengi hiyo ndiyo sauti ya manabii. Sara akizungumza hivyo, tunasikia mimbari. Akizungumza kama mama wa sokoni, kanisa linaguna. Mimi sasa naelekea katikati: Kiswahili cha nyumbani, cha mama anayemwita mtumishi achote maji, bila maneno ya mtaani ambayo yatazeeka mwaka kesho.

Hitimisho

Jioni ile, baada ya mzee kuketi, dada mmoja wa kwaya alinifuata nje. "Kaka, hivi ni kweli Sara hakuambiwa?" Nikamwambia andiko halisemi. Kesho yake akaniambia kwamba usiku ameisoma Mwanzo 22, hakutosheka, akaendelea na 23. Tangu hapo nina kipimo kimoja cha hadithi ya kibiblia inayotokana na imani: je, inamrudisha msomaji kwenye andiko akiwa na swali, au inamfanya aone kwamba hana haja tena ya kulisoma? Ya kwanza imebuni. Ya pili imeongeza, na hapo mzee ana haki.

Nimeiandika upya hadithi yangu. Hotuba nimeiondoa. Inaishia Sara akisikia kwato za punda kwa mbali, asijue ni watu wangapi wanaorudi. Juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika kwa herufi kubwa: HADITHI YA KUBUNI. Nimempelekea mzee kabla ya mtu mwingine yeyote. Hii ni wiki ya tatu anayo, na bado hajaniambia neno. Wasomaji wenzangu mlio na maoni tofauti, kurasa za jarida hili ziko wazi.