KOMPYUTA KATIKA KAZI YA UMEME: KATIBU WA CHAMA AFAHAMU NINI?



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi tarafani Loliondo, nilikuta mashine ya kusaga imesimama kwa mwezi mzima. Mota yake ya fezi tatu iliungua baada ya fezi moja kukatika huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Fedha za kuisuka upya zilitoka katika akiba ya wanachama. Nilipouliza umeme ulikatika mara ngapi mwezi ule, na saa ngapi, hapakuwa na aliyeweza kujibu, kwa kuwa hakuna aliyeandika. Siku hizi twasikia kwamba njia za umeme huendeshwa kwa kompyuta zenye akili, na wapo wanaodhani kuwa zitatuondolea shida za namna hiyo. Yafaa tufahamu zinafanya nini na zinashindwa wapi.

ALGORITI NI NINI

Algoriti ni utaratibu wa hatua zilizopangwa, ambao kompyuta huufuata kutoka kwenye tarakimu inazopewa hadi kwenye jibu. Katibu anapofunga hesabu za mwezi hufuata utaratibu kama huo. Algoriti za siku hizi huweza pia kujifunza: hupewa kumbukumbu za miaka iliyopita, hutafuta mwenendo wake, kisha hukisia yatakayotokea.

KUSAWAZISHA

Nyaya haziwezi kuhifadhi umeme kama ghala lihifadhivyo mahindi. Umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika, kila sekunde. Kipimo cha ulingano huo katika Gridi ya Taifa ni mizunguko 50 kwa sekunde. Matumizi yakizidi, mizunguko hupungua. Ikipungua mno, mitambo hukata baadhi ya maeneo ili kuyaokoa mengine. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru nchini Kenya. Megawati 180 zilipotea, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Katika ajali kama hiyo mwanadamu hana nafasi ya kufikiri. Uamuzi wa sekunde za kwanza ni wa mitambo.

Kazi hiyo ipo hata katika vituo vidogo. Kwa miaka mingi umeme wa Loliondo ulitoka katika kituo cha TANESCO cha jenereta za dizeli, kilichojitenga na Gridi. Jenereta kubwa inayobeba mzigo mdogo hutumia mafuta mengi kwa kila yuniti. Algoriti hukisia mzigo wa saa zijazo na kuchagua jenereta ipi iwashwe. Na palipo na umeme wa jua, huitayarisha dizeli kabla wingu halijafunika.

KUUONA UGONJWA MAPEMA

Transfoma huzongwa na mafuta ya kuipoza. Inapoanza kuharibika ndani, joto lake hubadilika na gesi huzaliwa katika mafuta hayo. Vipimo hivyo vikiifikia kompyuta, hulinganishwa na vya zamani, na fundi hupelekwa kabla transfoma haijalipuka. Kwa wilaya kama yetu, ambako fundi husafiri mbali na kipuri hutoka mbali zaidi, tofauti ya kujua leo na kujua baada ya ajali ni majuma ya giza.

KUKAGUA UPOTEVU

Hapa, ndugu zangu, kompyuta inafanya kazi yangu mimi. Mkaguzi hulinganisha mazao yaliyopokelewa na yaliyotoka ghalani. Pengo likionekana, huuliza. Kompyuta nayo hulinganisha umeme uliopita katika transfoma na jumla ya mita za wateja wake. Pengo lisilo la kawaida huonyesha wizi, mita mbovu au waya unaovuja.

TAHADHARI

Tarehe 14 Agosti 2003, nyaya ziligusa miti huko Ohio, Marekani. Programu ya kutoa tahadhari katika chumba cha wasimamizi ilikuwa imekwama, nao hawakujua. Watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Tujifunze mambo mawili: kompyuta iliyonyamaza si uthibitisho wa usalama, na mti usiokatwa hauondolewi na hesabu. Tena, kompyuta haioni pasipo na kipimo. Februari 2021, huko Soysambu, Kenya, twiga walikufa kwa umeme wa nyaya zilizopita chini mno. Sisi pia tunaishi na twiga.

KATIBU AFANYE NINI

1. Afungue daftari la umeme: tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurudi, na hasara iliyopatikana. Malalamiko yenye tarehe husikilizwa. Na kumbukumbu kama hizo ndizo algoriti hujifunzia.

2. Nguzo iliyoinama, waya unaoning'inia au mti unaogusa njia, atoe taarifa siku ile ile kwa kutaja namba ya nguzo. Mwanachama asiuguse waya wala kuukata mti mwenyewe.

3. Kamati ipitishe ununuzi wa kifaa cha kuizima mota fezi moja inapokosekana. Bei yake ni ndogo kuliko ya kusuka mota.

Chama nilichokitaja sasa kina daftari na kifaa hicho. Katika ukaguzi uliofuata nilikuta kurasa nne zimejaa, fezi imekatika mara mbili, na mashine inasaga.