WIMBI LA TUFANI ZIWANI

Tsunami iliyofika pwani yetu mwaka 2004 ilitokana na tetemeko la ardhi karibu na Sumatra. Lakini tufani nayo huweza kuinua wimbi la namna hiyo, hata ziwani.

Tufani ikipita juu ya maji, hewa huyakandamiza na upepo huyasukuma. Wimbi huanza dogo. Tufani na wimbi vikienda mwendo mmoja, nguvu huongezeka, kama mtu anayekimbia huku akisukuma baiskeli. Likifika penye kina kifupi, wimbi huinuka.

Juni 26, 1954, tufani ilipita Chicago, Marekani, kwenye ziwa Michigan. Kukatulia. Zaidi ya saa moja baadaye wimbi likarudi kutoka ng'ambo, likawazoa wavuvi gatini.

Wavuvi wa Nkome, Geita, nanyi mliotoka Shinyanga kuja kuvua: Ziwa Victoria huchafuka usiku. Nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo hutoka pande zote, hukutana ziwani, hupanda juu, ndipo radi na mvua. Na dagaa huvuliwa usiku huo huo! Mkiona umeme mbali, rudini mwaloni. Upepo ukikoma, msiikimbilie mitumbwi. Kaeni mbali na maji kwanza.