Je, Wajua? Ulaya Inakokwenda, na Nguvu ya Mmoja Kusema Hapana

Je, wajua kuwa kuna nchi iliyobadili jina lake ili ifunguliwe mlango wa Umoja wa Ulaya? Ni Masedonia, iliyojitenga na Yugoslavia mwaka 1991. Jirani yake Ugiriki ilikataa jina hilo katakata, ikisema ni la jimbo lake la kaskazini na ni urithi wa Aleksanda Mkuu. Kwa kuwa mwanachama yeyote wa Umoja anaweza kumzuia mgeni, Masedonia ilibaki mlangoni hata baada ya kutambuliwa kuwa mgombea mwaka 2005. Hatimaye, Juni 2018, kando ya Ziwa Prespa, serikali hizo mbili zilitia saini makubaliano, na Februari 2019 nchi ikaanza kuitwa Masedonia Kaskazini. Vibao vya mpakani vikabadilishwa. Oktoba mwaka huohuo Ufaransa ikasema mazungumzo ya uanachama yasianze. Mwaka 2020 Bulgaria nayo ikaweka pingamizi, safari hii kwa sababu ya historia na lugha. Mazungumzo yalipofunguliwa rasmi Julai 2022, sharti jipya lilikuwa limeshaongezwa: katiba irekebishwe ili iwataje Wabulgaria wanaoishi nchini humo. Kwa maoni yangu, hapo Ulaya iliwakosea watu wa Masedonia Kaskazini. Taifa likishakubali kuacha jina lake, ni haki lijibiwe.

Kisa hicho kinaeleza mengi kuhusu mustakabali wa Umoja huo. Mambo mengi ya soko la pamoja hupitishwa kwa wingi wa kura: zinatakiwa nchi 15 kati ya 27, zenye angalau asilimia 65 ya watu wote. Lakini kodi, sera ya nje na kupokea wanachama wapya huhitaji kauli moja. Mmoja akikataa, shughuli imekwama.

Na anayekataa si lazima awe nchi nzima. Oktoba 2016, bunge la Wallonia, jimbo la kusini mwa Ubelgiji, liligoma kuidhinisha mkataba wa biashara na Kanada. Serikali ya Ubelgiji haikuweza kusaini bila ridhaa ya majimbo yake, kwa hiyo Umoja wa watu zaidi ya milioni 500 wakati huo ukalisubiri jimbo lenye watu wasiofika milioni 4. Sherehe ya kutia saini ikaahirishwa kwa siku chache.

Je, wajua kuwa uamuzi mkubwa kuhusu Ukraine ulipita kwa sababu mtu mmoja alitoka kwenda kunywa kahawa? Ilikuwa Brussels, Desemba 14, 2023. Viktor Orbán, Waziri Mkuu wa Hungaria wakati huo, alipinga kufunguliwa kwa mazungumzo ya uanachama na Ukraine. Kansela wa Ujerumani wa wakati huo, Olaf Scholz, akampendekezea atoke kidogo. Orbán akatoka, viongozi 26 waliobaki wakaamua, na pingamizi halikuwepo. Usiku huohuo alizuia msaada wa yuro bilioni 50 kwa Ukraine, nao ukapitishwa Februari 2024.

Njia nyingine ya kukwepa kukwama, ambayo Ulaya imeizoea, ni walio tayari kutangulia. Mkataba wa Schengen, uliofuta ukaguzi wa pasipoti mipakani, ulitiwa saini Juni 1985 na nchi 5 tu, ndani ya meli kwenye mto Moselle. Romania na Bulgaria, wanachama tangu 2007, ziliingia kikamilifu Januari 2025. Sarafu ya yuro nayo ilianza na nchi 11 mwaka 1999. Noti na sarafu zake zilipotoka Januari 1, 2002, ununuzi wa kwanza rasmi ulifanyika kisiwani Réunion, eneo la Ufaransa katika Bahari ya Hindi, ambako jua huchomoza kabla ya Paris. Kilichonunuliwa ni kilo moja ya lychee, tunda la jamii moja na shokishoki. Na tangu 2014 Umoja wa Ulaya umefika karibu zaidi na pwani yetu: Mayotte, kisiwa cha Ufaransa ambacho Komoro inakidai, ni sehemu yake kamili, na sokoni Mamoudzou hutumika yuro.

Pesa huenda ndiyo itakayowafunga wanachama pamoja kuliko hotuba zozote. Julai 2020, wakati wa UVIKO-19, viongozi walijadiliana kwa siku nne usiku na mchana, kisha wakakubali kukopa kwa pamoja yuro bilioni 750. Deni hilo litalipwa hadi 2058, yaani watoto wa shule za msingi wa leo watakuwa wafanyakazi wanaolilipa. Mwaka 2024, Mario Draghi, aliyewahi kuongoza Benki Kuu ya Ulaya, alishauri uwekezaji wa ziada wa hadi yuro bilioni 800 kila mwaka ili bara hilo lisiachwe nyuma na Marekani na China. Wapo wanaoona haja ya kukopa tena. Ujerumani na Uholanzi zimekuwa zikisita.

Ukraine, Moldova, Serbia, Albania na Montenegro ni baadhi ya wanaosubiri kuingia. Kila atakayeingia naye ataweza kusema hapana, ndiyo maana wengi wanataka kura ya turufu ipunguzwe kwanza. Mkataba wa Lisbon, unaoongoza Umoja huo, unaruhusu baadhi ya mambo ya kauli moja yahamishiwe kwenye wingi wa kura, lakini viongozi wote lazima wakubali, na bunge la nchi yoyote likipinga ndani ya miezi 6, pendekezo limekufa.